Anzia kwenye mati, rudi hadi Qa3: ninavyochambua mchezo wa sita wa Fischer na Spassky

Mchezo wa grandmasta, yule mchezaji wa sataranji wa daraja la juu kabisa, huchambuliwa kutoka mwisho kwenda mwanzo. Nawaambia hivi vijana wanaokuja barazani kwetu Makorora, hapa Tanga, jioni za Jumamosi. Wengi wao wamezoea kufungua simu, kubonyeza mshale mpaka hatua ya mwisho, kuona ngome imetolewa kafara, kusema "Mashaallah, huyu mtu noma," kisha kufunga. Uzuri wameuona, lakini wameondoka mikono mitupu. Kafara ile iliwezekana kwa sababu ya jambo lililotokea mapema sana, tena jambo la kimya, na hilo ndilo lenye faida kwako, maana ndilo unaloweza kulifanya kesho ukikaa na mwenzako ubaoni.

Kwa kazi mimi ni karani wa hesabu. Mizania isipolingana mwisho wa mwezi, nashika ile tofauti na kurudi nayo ukurasa kwa ukurasa mpaka nikutane na stakabadhi iliyoizaa. Sataranji naishika vivyo hivyo.

Mchezo ninaoanza nao kila mara ni wa sita wa pambano la ubingwa wa dunia la 1972, Bobby Fischer wa Marekani dhidi ya Boris Spassky wa Umoja wa Kisovyeti, uliochezwa Reykjavik, Aisilandi, tarehe 23 Julai. Spassky alikuwa bingwa tangu 1969. Baada ya michezo mitano walikuwa sawa, 2½ kwa 2½. Mchezo huu ulimpa Fischer uongozi, na hakuupoteza tena hadi akawa bingwa kwa 12½ kwa 8½. Nauchagua kwa sababu ufunguzi wake ni wa kale na unaeleweka, hauna vurugu za hatua ishirini za kukariri, na kila kinachotokea mwishoni kina mzizi unaoonekana kwa macho.

Utahitaji ubao halisi wenye kete za kushika. Wetu ni wa plaiwudi, uliopakwa rangi na fundi wa Ngamiani, na askari mmoja mweusi ni kizibo cha soda. Unatosha kabisa. Simu usiitumie kama ubao, kwa sababu kidole kinakimbia kuliko akili. Tafuta kauntabuku na penseli. Tafuta pia kadi ngumu ya kufunikia hatua. Mimi natumia kadi ya mchango wa harusi, hizo hazikosekani nyumbani kwa mtu.

Herufi ni zile za karatasi za mashindano: K mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi. Askari hana herufi. Mraba unatajwa kwa herufi ya safu, a hadi h, na namba ya mstari, 1 hadi 8 kuanzia upande wa mweupe; nukta tatu baada ya namba ya hatua ni zamu ya mweusi. Alama ya x ni kula, + ni shaha, # ni shaha mati, na O-O ni mfalme kujificha upande wa ngome iliyo karibu.

Fischer ndiye mweupe:

1.c4 e6 2.Nf3 d5 3.d4 Nf6 4.Nc3 Be7 5.Bg5 O-O 6.e3 h6 7.Bh4 b6 8.cxd5 Nxd5 9.Bxe7 Qxe7 10.Nxd5 exd5 11.Rc1 Be6 12.Qa4 c5 13.Qa3 Rc8 14.Bb5 a6 15.dxc5 bxc5 16.O-O Ra7 17.Be2 Nd7 18.Nd4 Qf8 19.Nxe6 fxe6 20.e4 d4 21.f4 Qe7 22.e5 Rb8 23.Bc4 Kh8 24.Qh3 Nf8 25.b3 a5 26.f5 exf5 27.Rxf5 Nh7 28.Rcf1 Qd8 29.Qg3 Re7 30.h4 Rbb7 31.e6 Rbc7 32.Qe5 Qe8 33.a4 Qd8 34.R1f2 Qe8 35.R2f3 Qd8 36.Bd3 Qe8 37.Qe4 Nf6 38.Rxf6 gxf6 39.Rxf6 Kg8 40.Bc4 Kh8 41.Qf4, na Spassky akasalimu amri.

Usiusome wote bado. Funika.

Siku ya kwanza ni ya kucheza mbele. Hatua kumi za mwanzo zipite haraka, ukijiuliza swali moja tu: askofu mweusi wa c8 atatokea wapi? Huu ni ufunguzi wa Gambiti ya Malkia Iliyokataliwa, na tatizo lake tangu zamani ni huyo askofu, kwa sababu askari wa e6 amemzibia mlango. Hatua ya 7...b6 ndiyo njia inayobeba jina la Savielly Tartakower: askofu atoke kupitia b7. Wengine huongeza majina ya Makogonov na Bondarevsky, na Igor Bondarevsky huyo aliwahi kuwa mwalimu wa Spassky mwenyewe. Kwa hiyo Fischer, mtu aliyezoea kufungua kwa e4 maisha yake yote, alimfuata Spassky kwenye uwanja wa nyumbani kwake.

Sasa tazama hatua ya 8 hadi ya 10. Fischer anakula d5, anabadilisha askofu kwa askofu, farasi kwa farasi, na mwisho wake d5 inabaki na askari mweusi asiyeondoka. Askofu akienda b7 atamkodolea macho askari wake mwenyewe, ndiyo maana Spassky anampeleka e6. Lakini b6 ameshaisogeza, na askari harudi nyuma. Andika hilo kwenye kauntabuku, utalihitaji.

Kuanzia hatua ya 11 shusha kadi mstari mmoja mmoja na ubashiri hatua ya mweupe kabla hujaiona. Andika bashiri yako na sababu yake kwa sentensi moja. Sentensi ndiyo muhimu. Ukiandika "Nadhani O-O, mfalme wangu yuko katikati," halafu ukakuta Bb5, tayari una swali la kweli: Fischer ameona nini cha haraka kuliko usalama wa mfalme wake? Asiyebashiri hapati swali, na asiye na swali husoma mchezo kama anayesoma orodha ya majina ya watu asiowajua.

Ukifika 18.Nd4, simama. Hapa mtoto wa dada yangu, yuko kidato cha tatu, aliniuliza, "Ma'mdogo, mbona farasi anajiweka mdomoni? Askari wa c5 si anamla bure?" Nikamwambia, mle basi. Akamla. Nikachukua malkia wangu wa a3 nikapita kwenye mshazari b4, c5, d6 hadi e7 nikala malkia wake, ambaye hakuwa na mlinzi. Akanyamaza, akarudisha kete, akaanza mwenyewe kupitisha kidole kwenye ule mshazari. Tangu siku hiyo haniulizi tena kama kete imejiweka bure. Anauliza nani amebanwa. Askari wa c5 alibanwa tangu 13.Qa3, na yupo ubaoni kwa jina tu, kazi ya kula hawezi. Ndiyo maana Spassky akajibu 18...Qf8: pale malkia analindwa, farasi wa d4 sasa yuko hatarini kweli, na Fischer anamtumia kula askofu wa e6.

Tishio lililofichika kama hilo lipo pia kwenye 14.Bb5 a6. Askari wa a6 anamtishia askofu, lakini akimla, safu ya a inafunguka na malkia wa a3 anakula ngome ya a8, kwa sababu farasi wa b8 amesimama katikati na kuiziba ngome ya c8 isiilinde. Kwa hiyo Fischer akala c5 na kumficha mfalme wake huku askofu bado ananing'inia pale b5. Ni baada ya 16...Ra7, ngome ikiwa imelindwa na malkia wa e7, ndipo askofu alipolazimika kurudi e2. Hatua zote hizo ziweke kwa mikono yako. Zikisomwa tu hazikai.

Hapo siku ya kwanza imetosha. Endelea kubashiri hadi mwisho, lakini usichambue kitu. Funga kauntabuku, nenda zako Raskazone ukapunge upepo.

Siku ya pili weka ubao kama ulivyo baada ya 37.Qe4, zamu ya Spassky, na umfanye mweusi acheze hatua yoyote isiyo na maana. Kisha mweupe: Rf8+ Nxf8, Rxf8+ Qxf8, Qh7#. Ngome mbili zimetolewa, na malkia ametua h7 huku askofu wa d3 akimlinda kwa nyuma. Spassky aliliona hilo, akajaribu 37...Nf6, lakini ngome ikamla farasi na ukuta wa mfalme ukabomoka. Sasa rudi nyuma na maswali.

Kwa nini mweusi hakuweza kujilinda? Angalia farasi wake wa h7. Kutoka pale ana miraba mitatu tu: f8, f6 na g5. Mraba wa g5 ulifungwa na 30.h4. Mraba wa f6 ulikuwa chini ya askari wa e5, na askari huyo aliposonga e6, malkia akaingia e5 kushika zamu yake. Ikabaki f8, mahali alipotoka. Angalia na ngome zake, moja e7 na nyingine c7, zote zimelundikana kumzuia askari mmoja wa e6. Malkia wake anakwenda e8, d8, e8, d8.

Hatua za 33 hadi 35 zilimsumbua mzee mmoja jirani yetu, mcheza bao wa siku nyingi, aliyekuwa ameketi na kikombe chake cha kahawa akitutazama. "Mwanangu, huyu mweupe sasa anafanya nini? Anasogeza sogeza tu." Nikamwambia, "Babu, anamwonyesha mwenzake kwamba hana pa kwenda." Akatikisa kichwa, akasema, "Basi huyo ameshinda zamani, anangoja kuambiwa." Sikuwa na la kuongeza. Lakini wewe mchambuzi usiziruke hatua hizo. 33.a4 inamfungia askari wa a5 asisonge, R1f2 na R2f3 zinapandisha ngome, na baada ya hapo tu ndipo askofu anahamia d3. Fischer alipanga kila kete mahali pake kabla ya kupiga, kwa sababu alijua hakuna haraka. Sisi huku baraza nzima tunapoteza michezo iliyoshinda kwa kupiga mapema.

Rudi tena nyuma. Askari wa e aliwezaje kufika e6 bila kupingwa? Kwa sababu hatua ya 26 Spassky alikula f5, na mbele ya askari huyo hakubaki askari mweusi hata mmoja, wala kwenye safu za jirani upande wa f. Askari wake wa f alikwenda wapi? Aliondoka f7 hatua ya 19, alipokula farasi pale e6. Huyo alikuwa mmoja wa walinzi wa mfalme.

Na askofu mweupe aliyekaa c4 akimlenga mfalme kwenye mshazari wa a2 hadi g8, nani alimpa nafasi? Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote katika mchezo huu. Jibu ni 20.e4 d4. Kabla ya hapo mweusi ana askari wawili waliosimama ubavu kwa ubavu, c5 na d5, wa c5 akiwa hana askari wa kumlinda na wa d5 akimtegemea yule wa e6 tu. Askari wa namna hii wana nguvu wakibaki mstari mmoja, kwa kuwa pamoja wanashika miraba minne ya mbele yao. Mmoja akisonga, anaacha shimo ubavuni. Fischer alisukuma e4 ili kulazimisha mmoja achague, na Spassky akachagua d4. Papo hapo mraba wa c4 ukawa wa askofu: hakuna askari mweusi anayeweza kumfukuza, kwa sababu d5 ameshapita na wa b ameshahamia c5 alipokula pale. Na askari wa e4 naye hana tena wa kumgonga, akaenda e5.

Maoni yangu ni kwamba hatua ya 20...d4 ndiyo iliyompa Fischer mchezo. Weka mwenyewe 20...c4 uone tofauti. Askari akiwa c4, askofu hana kiti. Mshazari wa a3 hadi f8 unafunguka, malkia wanatazamana, na mweusi atafurahi wakiliana wote wawili. Sisemi mweusi anakuwa salama kabisa, askari wake bado ni dhaifu, lakini lile shambulio tuliloliona halizaliwi.

Jaribu na hili, nimewapa vijana wote: hatua ya 23, badala ya Kh8, mweusi acheze 23...Nb6 kumtishia askofu. Mweupe afanye nini? Fikiri kabla hujaendelea. Jibu langu ni 24.Qb3. Farasi akimla askofu, malkia anakula ngome ya b8 kwa shaha, kisha ngome ya c1 inamla farasi. Farasi wa b6 kumbe naye amebanwa.

Endelea kurudi. Nani alilazimisha farasi wa d4 abadilishwe na askofu wa e6? Ile Qf8. Nani alimruhusu farasi kutua d4? Kubanwa kwa c5. Nani alimbana c5? Malkia wa a3. Umefika hatua ya 13. Kutoka Qa3, hatua isiyokula kitu wala kutoa shaha, hadi tishio la Qh7#, kuna kamba moja isiyokatika. Ichore kwenye kauntabuku kwa mishale, hatua kwa hatua. Ukurasa huo ndio uchambuzi wako.

Siku ya tatu kazi ni moja: tafuta mahali ambapo aliyeshindwa angeikata kamba. Usikubali jibu la "Fischer alikuwa mkubwa." Kamba inaanzia kwa malkia wa a3 kumtazama malkia wa e7, basi mkato wa kwanza wa kuujaribu ni kumwondoa malkia wa e7 mapema. Hatua ya 14, badala ya a6, weka 14...Qb7. Askari wa c5 yuko huru. Mweupe akijaribu kumla, inakwenda hivi: 15.dxc5 bxc5 16.Rxc5 Rxc5 17.Qxc5 Na6! Farasi anamtishia malkia. 18.Bxa6 Qxa6, na sasa mweupe ana askari mmoja zaidi, ila mfalme wake amekwama e1, kwa sababu malkia wa a6 anaona mshazari wote hadi f1 na haruhusu O-O. Efim Geller, aliyekuwa miongoni mwa wasaidizi wa Spassky kule Reykjavik, alimshinda Jan Timman kwa mpango huu huu Hilversum, 1973. Mwaka mmoja tu umechelewa.

Nampenda sana Spassky kwa jambo moja, na nawaambia vijana walijue: mchezo ulipoisha, aliungana na watazamaji kumpigia Fischer makofi. Bingwa wa dunia, ameshindwa kwa ulinzi wake mwenyewe, mbele ya dunia nzima.

Kompyuta iwe ya mwisho kabisa. Stockfish ni programu ya bure na inaingia kwenye simu ya kawaida, lakini uiwashe ukiwa tayari una ukurasa wako wa mishale. Usiiulize "nani anaongoza". Namba inayokuja juu ya skrini haikufundishi. Iulize maswali yako matatu au manne uliyoyaandika: 20...c4 inasimama? 23...Nb6 ina jibu jingine? Baada ya 14...Qb7 mweupe aende wapi badala ya kula c5? Ikikupinga, usifute ulichoandika. Andika chini yake kwa rangi nyingine hatua iliyokupinga, kisha icheze ubaoni mpaka uone kwa macho yako kwa nini wazo lako linaanguka. Kijana mmoja wa baraza letu aliifuata kompyuta tangu mwanzo, akaja na ukurasa uliojaa namba tupu. Nilipomwondolea simu na kumuuliza farasi wa h7 anaweza kwenda wapi, hakuwa na jibu.

Ukishamaliza, chukua mchezo wa Timman na Geller na uanze nao kuanzia hatua ya 14. Safari hii kaa upande wa mweusi, funika hatua kwa kadi, na ubashiri za Geller. Mfalme wa mweupe yuko e1. Swali la kuandika juu ya ukurasa ni: nimzuie vipi asitoke hapo?